Simu ya Mahari

Bagamoyo
Jumatano, mwezi ishirini, Mfungo Nne

Kwa mke mwenzangu Kholood,

Nakuwahi kwa salamu, maana ukianza wewe utaniuliza magoti, presha na kama nimekula, karatasi iishe. Magoti yapo. Presha ipo. Nimekula mkate wa kumimina na chai ya tangawizi.

Nakuandikia kwa herufi zetu za Kiarabu za chuoni kwa sababu mbili. Ya kwanza, simu yangu imekuwa mzigo. Nikiibonyeza leo inaitika kesho. Nikitaka kukutumia sauti, kile kiduara kinazunguka wee, nami nimesimama kama mtu anayengoja zamu bombani. Halafu inachemka. Juzi niliiweka kifuani nikadhani nimeshikwa na homa. Chaji haifiki alasiri. Tangu uliponisafishia siku ya Idi pili haijakaa sawa. Sisemi ni wewe, nasema ndivyo ilivyo.

Ya pili ni siri. Baba yako Humoud Msahafu anausoma vizuri, lakini Kiswahili kwa herufi hizi kinampiga chenga. Kaka yangu Zayed macho hana tena. Ukoo mzima tumebaki wawili, mimi niliyenyimwa skuli na wewe niliyekukalisha kwenye jamvi una miaka sita, unalia kamasi zinashuka. Leo utaona nilikuwa na akili.

Basi sikiliza. Nataka kuolewa.

Cheka kidogo kisha uache. Ni Mwinyimvua wa Mlingotini, mwenye minazi na kamba za mwani, aliyekuwa akituletea nazi dukani enzi za babu yako. Mkewe amefariki mwaka wa nne huu. Mimi nimekaa eda ya babu yako nikaimaliza, nikakaa tena miaka tisa na paka. Kila Alhamisi nakwenda Mlingotini, na Hajra jirani yangu hunisindikiza, maana mwanamke hakai peke yake na asiye mumewe hata akiwa na magoti kama haya. Hajra anachambua choroko, sisi tunazungumza. Ananisikiliza mpaka mwisho, Kholood. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, lakini alinisikiliza nusu, nusu ya pili akaimalizia mwenyewe.

Baba yako akijua kabla ya wakati atapasua mapaa: mama yetu aende kwa mkwezi wa nazi! Zayed ndiye walii wangu wa kuniozesha, bila yeye haendi mtu. Nataka nimwendee mwenyewe, kwa utaratibu, wiki ya mwisho, na imamu pembeni yangu. Nikahi tumeiweka Ijumaa ya kwanza ya Mfungo Sita. Mpaka hapo ajue Hajra, na wewe, na Mungu.

Sasa shida yangu. Mwinyimvua ananiuliza mahari. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na sita, alitaja baba yangu, mimi sikuulizwa hata kama nina njaa. Safari hii nataja mwenyewe. Nami nataka simu. Yeye hushinda shambani na pwani, hunitumia sauti zake, zinanifikia vipande vipande: "Mayasa... nazi... usisahau..." Nisisahau nini? Mpaka leo sijui. Mahari ikishatajwa imetajwa, siwezi kurudi kesho nikasema ulimi uliteleza. Kwa hiyo nitajie simu zilizo mbele ya nyingine, hii ina hili, ile ina lile, nichague kwa akili. Na hii niliyo nayo nifundishe iende mbio kidogo mpaka siku hiyo.

Barua mpe Mrisho wa basi, anapita hapo kila siku kuchukua vifurushi vya watu.

Mke mwenza mkubwa,
Mayasa


Kariakoo, Dar es Salaam
19 Julai 2025

Shikamoo Bibi,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni mwa duka, mteja ananiita "fundi, fundi," sisikii. Nimecheka kidogo nikaacha, kama ulivyosema. Hongera, Bibi. Siri yako iko kwangu.

Kuhusu simu uliyo nayo. Kwanza izime kabisa, uhesabu mpaka mia, uiwashe. Fanya hivyo kila Ijumaa ukitoka kuoga. Pili, bonyeza ile picha ya gurudumu lenye meno, ushuke mpaka picha yenye mstari uliojaa karibu wote. Hiyo ni ghala ya simu, na yako imejaa kama stoo ya Babu Zayed. Kilichoijaza ni zile video za mawaidha na maua ya "asubuhi njema" unazotumiwa na kundi la maulidi. Futa zote. Usiogope, thawabu hazifutiki. Halafu muombe mtu azuie picha zisiingie zenyewe mpaka uziruhusu. Tatu, usiichaji chini ya mto wala dirishani juani. Joto linakula betri na linaifanya simu ijipunguzie mbio ili isiungue. Nne, ukimaliza kutumia kitu, usikiache wazi nyuma. Simu yako ina kumbukumbu ndogo, inabeba viwili vitatu, ikibebeshwa kumi inapiga magoti.

Sasa za mahari. Nakupa kama ninavyowapa wateja, bila kumpendelea mtu.

iPhone ina nguvu kati ya zile za juu kabisa, na hukaa miaka mingi bila kuchoka. Lakini bei yake, Bibi, Mzee Mwinyimvua atauza minazi yote pamoja na kivuli chake. Samsung ya daraja la S ni mshindani wake hasa: kioo kinang'aa hata juani, picha inasogea kutoka mbali. Bei nayo ni ndugu ya ile ya iPhone. Samsung ya daraja la A ni ya mtu wa kawaida. Si ya mbio kubwa, lakini baadhi ya mpya wameziahidi miaka sita ya kurekebishwa na kulindwa, na kioo chake kikivunjika fundi yeyote hapa anacho. Redmi inakupa mbio na betri kubwa kwa bei ndogo. Tecno na Infinix kwa bei hiyo zinakaa na chaji sana, na laini mbili.

Mtu akinunua asitazame kamera peke yake. Atazame kumbukumbu: nane, isipungue sita. Atazame ghala: mia na ishirini na nane au zaidi. Na aulize itarekebishwa miaka mingapi. Mengine ni mapambo.

Mjukuu wako,
Kholood


Bagamoyo
Jumatatu, mwezi ishirini na tano, Mfungo Nne

Mke mwenzangu,

Marahaba mara kumi. Nimefuta mawaidha mia tatu na kumi na mbili. Sheikh mmoja nilimwonea huruma nikamwacha.

Mahari nimechagua: Samsung ya A, hiyo ya miaka sita. Mwinyimvua ana sabini na mbili, mimi sitini na nane, simu na mume vitakwenda sambamba. iPhone mwachie mama yako mdogo anayepiga picha sahani kabla ya kula. Nimeandika ubaoni kwa chaki "nane" na "mia na ishirini na nane", Hajra akauliza kama ni deni.

Ila sikiliza. Nilipokuwa kwenye lile gurudumu la meno, mkono ukaingia mahali ambapo hukunifundisha, kwenye picha ya betri. Nikakuta orodha. Herufi za skuli sizijui lakini hesabu naijua tangu kwenye mizani. Kila kimoja kinakula mbili, tatu, tano. Kimoja kinakula arobaini na moja! Kina picha ya mwavuli mdogo wa buluu. Mimi sina mwavuli, sijauomba, siufungui. Nikaubonyeza nikaona sehemu ya kuuzima, nikauzima. Kholood! Simu imepoa kama mtungi. Jana nimelala na chaji sitini. Sauti ya Mwinyimvua imefika nzima: alikuwa akisema nisisahau kumpelekea dawa ya mchwa. Nilidhani mahaba.

Sasa nikuulize, wewe ndiye fundi. Huu mwavuli niung'oe kabisa? Nimeogopa kuung'oa peke yangu nisije nikang'oa nguzo ya nyumba. Nijibu kabla ya Alhamisi.

Mayasa


Ujumbe wa simu, Humoud kwa Kholood
22 Julai 2025

Kholood, tangu juzi sioni bibi yako yuko wapi. Ramani imesimama sokoni haisogei. Nani ameizima? Tulikubaliana mimi na wewe: wewe ubaki na kazi yako Kariakoo, nisikurudishe nyumbani kwa zile habari za posa, na wewe unihakikishie mama yangu hatembei bila mimi kujua. Ana presha, alishaanguka Shaabani, na ramani inaonyesha kila Alhamisi anapanda gari kuelekea Mlingotini. Kuna nini Mlingotini? Washa kabla ya kesho. Baba.


Kariakoo
23 Julai 2025

Shikamoo Bibi,

Nakujibu kwa haraka, Mrisho anapiga honi. Huo mwavuli usiung'oe. Ni mlinzi wa simu, anazuia wezi wasikuibie namba zako na picha zako. Wote wanao. Anakula chaji kwa sababu halali. Tafadhali uwashe leo leo, pale pale ulipouzimia. Kama simu itakuwa nzito kidogo, vumilia tu mpaka ije mpya.

Nakuombea dua kwa jambo lako.

Kholood


Bagamoyo
Ijumaa, mwezi kumi na nne, Mfungo Tano

Mjukuu wangu Kholood,

Leo sina utani.

Jana Alhamisi tulikuwa Mlingotini, mimi na Hajra, kama kawaida. Mwinyimvua alikuwa ametandika mwani juani, akaja akaosha mikono, tukakaa. Nilikuwa namsomea majina ya simu akicheka, anasema, "Mayasa, taja tu, usinifanyie mtihani." Gari likasimama. Akashuka baba yako. Akamshusha Zayed kwa kumshika mkono.

Mwinyimvua akasimama, akawapa salamu, akawaletea viti viwili, akaingia ndani akatoka na madafu kwenye glasi. Hawakukaa. Hawakunywa. Glasi zimekaa pale mpaka nzi wamezijua.

Baba yako akamwambia, mbele yangu, "Mzee, sisi kwako tulinunua nazi. Hatukuja kukuuzia mtu."

Mwinyimvua akajibu taratibu, "Mwanangu, mimi sinunui. Naoa."

"Unaoa nani? Unajua huyu ni binti wa nani?"

Nikasema, "Ni binti wa marehemu baba yake, na ana mdomo. Humoud, rudi kwenye gari kabla sijavua kiatu."

Ndipo aliponigeukia. Akasema, "Alhamisi iliyopita ulifika hapa saa nne na robo, ukaondoka saa nane. Ile ya nyuma yake ulipita kwanza kwa muuza samaki. Mama, usinifanye mtoto." Kholood, dakika zenyewe! Hata mimi sikuwa nazo. Nikajiuliza nani aliyekuwa nami kwa muuza samaki. Hajra. Nani aliyekaa hapa kila Alhamisi na jicho moja kwenye choroko? Hajra. Nikamgeukia mbele za watu nikamwambia, "Umeniuza, mwanamke. Miaka arobaini umekula kwangu, umeniuza kwa mwanangu."

Akazimwaga choroko zote kwenye ungo, akajifunga kanga, akashika barabara kwa miguu, na jua lile.

Mimi wamenitia kwenye gari. Zayed njia nzima anasema, "Mimi siwi walii wa jambo hili." Mwinyimvua sijui anawaza nini. Nampigia hapokei, na simu hii imekuwa jiwe tena, huenda anapokea na mimi sisikii.

Ijumaa ya nikahi ni wiki tatu kutoka leo. Bila Zayed hakuna kitu, na bila Mwinyimvua hata Zayed hana kazi. Na shoga yangu niliyemwamini kumbe nyoka. Umebaki wewe tu. Niandikie chochote.

Mayasa


Kariakoo
12 Agosti 2025

Bibi,

Nimeandika barua hii mara nne nikazichana. Nitasema neno moja tu. Bi Hajra hana kosa. Mwombe radhi. Tafadhali usiniulize nimejuaje.

Kholood


Bagamoyo
18 Agosti 2025

Kholood binti Humoud,

Anayeandika ni Naila, fundi simu wa hapa sokoni, kwa mdomo wa Bi Mayasa. Ameniambia niandike neno kwa neno, nami naandika.

Naandikiwa kwa herufi za skuli zinazosomwa na kila mtu, kwa sababu mimi na wewe hatuna tena la kuficha. Akitaka Mrisho aisome, asome. Akitaka baba yako, mpe.

"Usiniulize nimejuaje," umeniambia. Sikukuuliza. Nilikaa kitako na barua zako tatu nikazisoma kwa mpangilio. Nilipouzima ule mwavuli, simu ilipoa. Uliponiambia niuwashe, nikauwasha, na baba yako akajua dakika zangu. Mimi sikusoma, Kholood, lakini moja na moja nilifundishwa na mizani ya duka.

Nikamletea simu huyu Naila. Hakuhangaika nayo, akaifungua kwa vidole viwili. Akaniuliza, "Bibi, Humoud ni nani yako?" Nikasema ni mwanangu wa kwanza, nilimzaa siku mbili. Akasema, "Huu mwavuli unampelekea yeye kila unapokwenda. Umewekwa siku ya Idi pili, saa kumi jioni." Idi pili saa kumi nilikuwa jikoni nakukaangia sambusa, na simu yangu iko mkononi mwako unaisafisha. Ulikula saba. Nilihesabu kwa furaha.

(Naila anasema nipunguze. Nimemwambia andika.)

Nisikilize vizuri. Baba yako ananitaka nikae nilipowekwa kama kabati, hilo nalijua tangu babu yako afe, naye hajanificha. Lakini baba yako hajawahi kuniandikia "siri yako iko kwangu." Hilo la Idi naweza kulimeza. Huenda alikwambia nina presha, nimeanguka, ukaingia huruma. Meza, Mayasa. Ila tarehe ishirini na tatu Julai ulikuwa umeshajua ninapokwenda, kwa nani, na kwa nini. Nilikuuliza kwa mkono wangu: niung'oe? Nilikuja kwako kama anavyokuja mteja. Hata mteja usiyemjua hungemjibu vile. Ukaniambia ni mlinzi.

Mlinzi, Kholood!

Nimekwenda kwa Hajra. Sikufunguliwa. Nimesimama nje dirishani nikaomba radhi kwa sauti, mtaa mzima unanisikia, vizuri wasikie. Akanijibu kutoka ndani, "Radhi nimeipokea. Mlango nitaufungua nikiwa tayari." Nikarudi nyumbani.

Mwinyimvua amepokea simu mara moja, kwa simu ya Naila. Akasema, "Mayasa, na wanao sina ugomvi. Lakini mimi nilikuwa nikizungumza mambo yangu nikidhani tuko watatu. Nilikwambia hata ya marehemu mke wangu. Kumbe kulikuwa na mtu wa nne anahesabu saa." Nikamwambia ule mwavuli hausikii maneno, Naila kathibitisha, unaona njia tu. Akasema, "Sawa. Lakini mimi ndivyo ninavyojisikia." Anataka kufikiri.

Haya ndiyo uliyoyafanya. Nilitaka uyajue yote kwa pamoja, yasikufikie vipande vipande.

Mayasa


Kariakoo
20 Agosti 2025

Shikamoo Bibi. Najua huenda usiitikie.

Ni kweli yote. Idi baba aliniambia ulizimia Shaabani, kwamba siku moja utaanguka njiani asijue pa kukutafuta. Nilimwamini, nikaweka. Pia alisema kama sitaki, nirudi nyumbani nimalizane na posa ya Abdulazizi, kazi ya simu si ya mtoto wa kike. Bibi, hapa dukani mafundi tuko sita na mimi ndiye wanayeniletea simu zilizowashinda. Niliogopa kuiacha meza yangu. Barua yako ya kwanza iliponifikia nilijua yatakayotokea, nikajiambia labda hayatatokea. Uliponiuliza kuhusu mwavuli nilikaa na kalamu muda mrefu. Niliichagua meza.

Sina la kujitetea. Lakini nina kitu. Nina ujumbe wote wa baba, miezi minne. Ndani yake anasema wazi kwamba hofu yake si presha. Anasema watu watatuonaje, anataja ukoo wa Mzee Mwinyimvua kwa maneno ambayo siwezi kukuandikia. Nimeuliza watu: walii akikataa bila sababu ya dini, kadhi anaweza kuozesha. Nitakuja Bagamoyo, nitamsomea kadhi mbele ya baba na Babu Zayed. Kazi ipotee. Nipe siku tu.

Kholood


Bagamoyo
Ijumaa, mwezi ishirini na nane, Mfungo Tano

Kholood,

Leo naandika mwenyewe kwa sababu Naila amefunga duka, usidhani nimepoa.

Usije. Maneno ya baba yako uliyaandikiwa wewe, kwa kukuamini. Ukimsomea kadhi utakuwa umetuuza wote wawili, mama na mwana, ndani ya mwaka mmoja, na mkono utazoea. Sikukulea nikakuogesha ili uwe mtu ambaye watu wanazima simu anapoingia chumbani. Hayo maneno yafute. Baba yako ana aibu zake, mwache azibebe mwenyewe.

Kwa kadhi nitakwenda mimi. Mdomo ninao.

Na hiyo meza yako usiiache. Umeilipia ghali, ikalie. Baba yako akikuletea habari za posa, mwambie azungumze na mimi kwanza.

Habari za nikahi usiniulize. Zikiwepo nitakwambia.

Mayasa


Bagamoyo
Jumatano, mwezi kumi, Mfungo Sita

Kholood,

Nimeolewa. Ijumaa iliyopita, baada ya sala, kama ilivyopangwa. Leo ni siku ya sita.

Nakusimulia yote. Kwa kadhi tulikwenda Jumatatu ya wiki ile ile, mimi, Zayed, baba yako, na Mwinyimvua na kanzu yake ya Idi. Usishangae kuwa alikuja. Hajra alikwenda Mlingotini peke yake, mimi sikumtuma, akamwambia, "Huyu mwanamke alidanganywa mpaka akanitukana mimi, na mimi nimemsamehe. Wewe umetukanwa nini?" Kisha akaja kunigongea mlango wangu, maana wake bado ulikuwa haujawa tayari. Tumelia, tukatukanana, tukanywa chai.

Kadhi akamuuliza Zayed, "Mtu huyu haswali?" Anaswali. "Mlevi?" Hapana. "Hana uwezo wa kumlisha?" Anao. "Basi unamkatalia nini?" Zayed akamgeukia baba yako, baba yako akawa anahesabu kili za mkeka. Neno lile la ukoo wake walikuwa nalo midomoni wote wawili, nami nilikuwa nalijua, na hakuna aliyethubutu kulitoa pale. Kadhi akavua miwani yake akaisafisha, akaivaa. Zayed akasema, "Nimeridhia." Sauti ndogo, lakini imeandikwa.

Mahari nimetaja simu ile ile, sikuibadilisha, kwa sababu simu haikunikosea kitu. Ina nane, ina mia na ishirini na nane. Nyepesi kama karatasi, nikigusa inaitika kabla sijamaliza kugusa. Sanduku alilifungua Naila mbele ya macho yangu, nikamwambia anionyeshe kila kilichomo, kimoja kimoja, kina kazi gani na kinamwambia nani. Tumekaa saa mbili. Alichoka, mimi sikuchoka. Baba yako alikuja nikahini, alikaa mwisho wa jamvi, alikula. Namba yangu mpya hajaiomba, sijampa. Wewe nawe bado.

Pilau alipika Hajra. Nilikupakulia sahani yako, minofu na kachumbari, nikaifunika kawa. Watu wakauliza hii ya nani, nikawajibu ya mjukuu wangu Kholood, yuko njiani. Kila gari likipita nilinyoosha shingo, mtu mzima mimi, nikijua fika huji. Mwinyimvua akaniambia, "Mayasa, kaa chini." Ikafika alasiri. Hukuja, kwa sababu sikukwambia. Nikaifunua, nikaila mwenyewe, yote, ikiwa baridi.

Bibi yako,
Mayasa